Ploti ya Oruba

Mwaka 1992 Nyanza Kusini ilikatwa, Migori ikawa wilaya kivyake, na mume wangu akawa miongoni mwa makarani waliohamishwa kutoka Homa Bay kwenda kuianzisha. Barua ilimkuta Ijumaa, ikamtaka kazini Jumatatu. Wanaume wa siku zile walihama na begi moja, redio na wembe. Watoto, sufuria, kuku na mama mkwe yalikuwa mambo ya mke, na nyumba ya kuwatosha wote hao pia. Basi vuta kiti nikumiminie chai. Sukari ni ya Awendo, usiionee haya.

Kwanza ujue tulikotoka. Tulikuwa tukikaa Shauri Yako, pale chini ya Got Asego, kile kilima kilichochongoka ambacho kila mtoto wa Homa Bay amewahi kukichora kwenye daftari lake. Omena walianikwa popote palipopata jua, na harufu yao haikubagua: iliingia kwenye shuka, kwenye sare za shule, hadi kwenye unga wa uji. Wageni kutoka Nairobi walishika pua kwa adabu, wakijifanya wanajifuta jasho. Usiku viboko walipanda nchi kavu kula, wakikoroma nyuma ya ukuta kama wapangaji wasiolipa. Nilipoolewa, miaka ya 1980, meli za kutoka Kisumu bado zilikuwa zikija gatini. King'ora kikilia, watoto wa mtaa mzima waliteremka mbio, wenye viatu na wasio navyo, kuangalia tu nani anashuka. Ziwa lote lile mbele yetu, lakini bomba likikauka linakauka kweli, tukanunua maji kwa mwenye punda. Hilo sikuwahi kulielewa, na sidhani waliokuwa wakitutumia bili walilielewa pia.

Mimi ni Mmaragoli. Mume wangu ni Mjaluo wa Karachuonyo, upande wa Kendu Bay. Homa Bay walinizoea, wakaniita nyar mwa, binti wa watu wa kando, nami nikaitika. Lakini kuhama ni kuanza upya, na usisahau ulikuwa mwaka gani ule. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa Desemba, na huko Bonde la Ufa, Molo, Olenguruone, Burnt Forest, watu walikuwa wamechomewa nyumba na majirani waliowajua kwa majina. Redio ilisema kwa ufupi. Waliotoroka huko walisema kwa kirefu, wakiwa wamekaa kwenye magodoro yao stendi. Kila aliyekuwa anafunga mizigo alijiuliza atakaa na nani, hata kama hakulitamka. Wengi walijijibu: na watu wangu. Mume wangu naye hivyo hivyo.

Alikuwa na binamu ng'ambo ya Mto Migori, na binamu akatutafutia nyumba nzuri kuliko mshahara wetu. Sakafu ya saruji nyekundu, dirisha la vioo, jikoni na dohani. Majirani karibu wote walikuwa watu wa kwao. Tulipokwenda kuiona walitupokea kwa kuku na ugali wa mtama, na mimi nikapewa kiti chenye mto. Dholuo nilikuwa nakisikia vizuri kabisa, lakini wale kina mama walinisemesha polepole na kwa sauti kubwa, wakidhani ugeni ni uziwi. Nilipoinuka kusaidia kuosha vyombo, wakanirudisha kitini. Nilikaa pale na mto wangu, nikaona miaka yangu yote ya Migori inavyonijia, nimeketi.

Siku iliyofuata nikasema naenda kununua mafuta ya taa. Nikamfunga kitinda mimba mgongoni, nikaelekea mtaa wa Oruba, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga.

Ploti yenyewe haikuwa na sura. Safu mbili za vyumba vinavyotazamana, mabati yameiva kutu, ua wa ojuok, yaani mnyaa, umekatwa vibaya, mwembe mmoja na bomba moja. Chini ya bomba jerikani zilikuwa zimejipanga foleni, nyingine zimefungwa vitambaa vya rangi ili mwenyewe aijue yake. Mama mmoja Mkisii, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, aliniona nimesimama.

"Wewe mama, usichome mtoto na jua. Nishikie zamu hapa, mandazi yangu yanaungua."

Akaniachia jerikani, akakimbia. Hakuniuliza jina wala kwetu. Nikabaki namlindia zamu mtu nisiyemjua, na kabla hajarudi nilikuwa nimekwisha kugombana na kijana aliyetaka kuipita. Aliporudi alinipa andazi la moto kwenye kipande cha gazeti, na tukaanza kuongea mambo ya vyumba.

Mwenye ploti alikuwa mzee wa Suna. Watu wa Suna, kama unavyojua, wengi asili yao ni Wasuba. Walihamia Ujaluo kwa lugha, taratibu, bila kupanda lori. Labda ndiyo maana yule mzee hakuwa na haraka ya kumuuliza mtu kabila. Aliniuliza swali moja: "Una kuku?"

Nikasema ninao.

"Kuku sawa. Jogoo hapana. Jogoo niko na wangu."

Jogoo wetu alisafiri kutoka Homa Bay kupitia Rongo na Awendo juu ya lori, amefungwa kwenye mguu wa kitanda, akaliwa usiku wa kwanza. Mama mkwe alikataa mchuzi wake. Mume wangu aliula, lakini kwa kununa, maana sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa bado inamuuma rohoni.

Ukitaka niwataje wapangaji wote tutakesha. Chumba cha kwanza, sista wa hospitali, Mkuria, aliyetutibia watoto usiku wa manane kwa tochi na matusi. Cha pili, mama wa mandazi na mumewe mwalimu. Upande wa pili, familia ya Wasomali wenye duka karibu na barabara kuu, ambao Idi ikifika walituletea pilau kwa sinia, nasi Krismasi tukapeleka chapati, na mama wao akituuliza kila mwaka kwa upole mafuta tuliyotumia ni ya mnyama gani. Kulikuwa na seremala Mmaragoli mwenzangu, wa wale ambao wazazi wao walihamia Suna zamani, na mfanyabiashara kutoka Musoma aliyekuwa akivuka Isebania na mchele na vitenge.

Huyu wa Musoma ndiye aliyetuharibia watoto. Sisi wa Nyanza, Kiswahili chetu ni cha kuamrishana: leta, toa, kuja hapa. Yeye alikuwa akiomba hata chumvi yake mwenyewe. Haukupita mwezi, wanangu wakaanza kumwamkia bibi yao "Shikamoo, dani," huku wamepiga magoti. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote alikuwa amesalimiwa "Oyawore" na akatosheka, aliniita pembeni kwa wasiwasi akiuliza watoto wameingia dini gani. Baadaye akalipenda jambo hilo kupita kiasi. Mtoto akipita bila kuamkia, anakohoa mpaka arudi.

Asubuhi zilianza kwa "Oyawore", "Bwakire", "Mulembe", "Asalaam aleikum", kila mlango na yake, halafu Kiswahili kikachukua usukani wa siku. Malori ya Isebania yalinguruma usiku kucha. Msimu wa tumbaku ulipofika, mji mzima ulinuka majani makavu, tamu na kali kwa pamoja, kutoka kwenye magunia ya wakulima wa Kuria na Suna waliokuwa wakipeleka kuuza. Jumapili redio zote za ploti zilifunguliwa kwa kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, "Je, Huu ni Ungwana?", na wanaume wakakaa chini ya mwembe kubishana. Mimi nikitoka Homa Bay nilirudi na omena kwenye karatasi. Ndizi zilitoka Kisii, maziwa yakatoka kwa kina sista Kehancha. Sikumbuki mtu akiandika deni, ingawa nakumbuka vizuri sana wasiolipa.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, nitaipita haraka. Barabara zilifungwa, moshi wa matairi ukatanda, na watu wa mbali walijua ghafla nani ni nani. Godoro la mwalimu na mama wa mandazi lililala sebuleni kwangu siku hizo, na wanaume wa ploti, mume wangu akiwemo, walikaa mlangoni pa ua na hawakuongea sana. Hakuna aliyekuja. Wangekuja sijui tungefanya nini. Lakini niliona mume wangu akimkatia mwalimu nusu ya sigara yake ya mwisho, na tangu hapo sakafu ya saruji nyekundu haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Halafu kaunti zikaja, 2013, na pesa, na wafanyakazi wapya wenye magari. Ardhi ya Migori ikapanda bei hadi wenye shamba wakaanza kuota kwa vipimo vya hamsini kwa mia. Mzee wetu alikuwa amefariki. Wanawe waliuza, na sikuwalaumu, ada za shule hazilipwi kwa mwembe. Sasa pale pana ghorofa la rangi ya krimu, geti jeusi, waya wa umeme juu ya ukuta, kisima chao ndani. Kila nyumba ina bomba lake. Nafurahi kwa ajili ya migongo ya wanawake wanaokaa humo, kwa kweli nafurahi. Nilipopita siku moja, mlinzi aliniuliza natafuta nani, nikakosa jina la kumpa. Sista alistaafu Kehancha. Wa Musoma alirudi kwao. Mama wa mandazi hunipigia simu, tunaongea magoti yetu.

Mwaka jana mwanangu, aliyeoa msichana Mkuria, akapata kazi Homa Bay. Unaona dunia inavyojizungusha. Akanipigia: amepata nyumba Makongeni, je, niende niione? Alinieleza habari za intaneti, maegesho, tangi la maji. Nikaenda. Nyumba niliitazama dakika mbili, ni nyumba. Kisha nikatoka nikakaa kwenye kibanda cha mama mboga kilicho mbele ya geti, nikanunua sukuma wiki nisiyoihitaji, na kumwambia kuna kijana wangu anafikiria kuhamia hapo.

"Yule mrefu, wa miwani? Mkewe anacheka sana?"

Nikasema ndiye.

"Nawadai nyanya za shilingi hamsini. Walikuja kuangalia nyumba wiki jana wakakosa pesa ndogo, nikawaambia watalipa wakihamia."

Nikatoa simu nikampigia mwanangu pale pale. Nikamwambia achukue nyumba, na alipe nyanya za watu.