Shahidi Asiyetupenda

Watoto wengi waliolelewa kanisani hapa Kenya wamewahi kuuangusha ukuta wa Yeriko. Sisi tuliuangusha kwa viti vya plastiki. Mwalimu wetu wa Sande skuli alivipanga duara, tukavizunguka mara saba, tukapiga kelele, vijana wakubwa wakavisukuma. Mwalimu huyo alikuwa mama yangu, na bado anafundisha darasa hilo.

Yuko mwanamke mwingine aliyeenda Yeriko yenyewe, na akaenda na jembe. Anaitwa Kathleen Kenyon, jina ambalo simu yangu inasisitiza kuligeuza kuwa Kenya.

Nilikutana naye kwa sababu ya kodi ya nyumba. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu, makala za bima, hata hotuba za harusi za watu nisiowajua. Mwaka jana mteja mmoja alinitafuta. Alitaka kijitabu cha ushahidi kumi wa akiolojia kwamba Biblia ni kweli. Maneno 6,000, shilingi mbili kwa neno. Piga hesabu mwenyewe. Orodha ya ushahidi alikuwa nayo tayari, na nambari moja ilikuwa Yeriko.

Basi nikaanza na Yeriko. Kilima chenyewe kinaitwa Tell es-Sultan, na kiko kando ya mji wa Yeriko wa leo, Palestina. Mwingereza John Garstang alichimba hapo kati ya 1930 na 1936, akakuta kuta mbili zilizoporomoka na kuungua, akatangaza kwamba ndizo za Yoshua. Watu wakafurahi sana. Kisha Kenyon akaja, akachimba kuanzia 1952 hadi 1958. Alikata mtaro mrefu kushuka kilimani na kuusoma udongo tabaka kwa tabaka. Tarehe alizipata zaidi kwenye vigae, kwa sababu mitindo ya vyungu hubadilika kama mitindo ya nywele: ukijua mtindo, unajua miaka. Vigae vikasema kwamba kuta za Garstang zilianguka takriban miaka elfu moja kabla ya Yoshua. Mji uliojengwa baadaye uliteketea karibu 1550 kabla ya Kristo (KK), halafu kilima kikabaki karibu mahame. Katika karne ya 13 KK, ambako wataalamu wengi humweka Yoshua, hapakuwa na ukuta mkubwa wa kuanguka. Wapo wanaobishana na tarehe hizo mpaka leo, lakini wengi wa wanaoijua kazi hiyo wako upande wa Kenyon.

Na usidhani alikuwa na kinyongo. Baba yake, Frederic Kenyon, alikuwa mkurugenzi wa British Museum na mtaalamu wa hati za kale za Biblia. Binti alilelewa na Kitabu nyumbani, kama mimi tu. Alichokataa ni kulilazimisha shimo liseme alichotaka kusikia. Na kwa vile hakuacha kuchimba, alishuka zaidi akafikia mnara wa mawe wa zaidi ya mita 8, uliojengwa miaka 10,000 hivi iliyopita, kabla hata watu wa pale hawajajua kufinyanga chungu.

Nambari mbili kwenye orodha ilikuwa Gharika. Hapo nikakutana na ndugu yangu, George Smith. Namwita ndugu kwa sababu aliacha shule akiwa na miaka 14. Aliajiriwa London kama mwanagenzi wa kuchonga bamba za kuchapia noti, na saa ya chakula cha mchana alikuwa anakimbia British Museum kujifundisha maandishi ya Ashuru, yale ya kubonyezwa kwenye udongo. Mwaka 1872, kwenye kigae kutoka Ninawi, alisoma habari za mtu aliyeonywa, akajenga chombo, akaingiza wanyama, na maji yalipoanza kupungua akaachilia njiwa, mbayuwayu na kunguru. Desemba ya mwaka huo alisoma tafsiri yake mbele ya watu, waziri mkuu Gladstone akiwamo. Waliokuja kutafuta uthibitisho wa Nuhu waliupata, nusu. Hadithi ya gharika kweli ni ya kale sana. Tatizo ni kwamba kigae kinasimulia miungu wengi, shujaa si Nuhu, na wataalamu wengi wanaona masimulizi hayo ya Mesopotamia ni ya zamani kuliko Mwanzo. Kigae kimoja kilikuwa kimesema ndiyo na hapana kwa mpigo.

Nikaandika hivyo hivyo.

Nambari tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, na hii ilikuwa ndiyo kubwa. Mwaka 701 KK, mfalme Senakeribu wa Ashuru alivamia Yuda. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasimulia. Senakeribu naye aliandika upande wake kwenye nguzo ndogo za udongo, na moja iko British Museum. Anajigamba kuwa aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Kasri lake la Ninawi alilipamba kwa michoro ya mawe inayoonyesha mji wa Lakishi ukitekwa. Ukienda Lakishi kwenyewe, mlima wa mawe na udongo ambao Waashuru waliurundika kupandia ukutani bado upo, na wachimbaji wameokota pale vichwa vya mishale na mawe ya kombeo.

Sasa soma kodi aliyotozwa Hezekia. Biblia inasema talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Senakeribu anasema 800 za fedha na 30 za dhahabu. Kwenye fedha hawaelewani hata kidogo. Kwenye dhahabu, maadui wawili waliochukiana hadi kifo wameandika tarakimu moja. Halafu kuna kile ambacho Senakeribu hasemi. Hasemi popote kwamba aliiteka Yerusalemu. Mtu anayejigamba kwa miji 46, akinyamazia mmoja ulio muhimu kuliko yote, kunyamaza kwake ni ushahidi pia. Wafalme wanasema malaika aliua askari wake 185,000 usiku mmoja. Hilo jembe haliwezi kulifikia, wala kulikanusha.

Wikendi hiyo nilienda nyumbani. Mama alikuwa amekaa nje, anachagua maharagwe kwenye sinia. Yeye huniita baba, kwa sababu nimebeba jina la babake. Nikamwambia kazi niliyopata, na nilichokuta Yeriko. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo, baba, unasema Yeriko haikuanguka?"

"Nasema kuta walizotuonyesha si za Yoshua, Mama."

Akarudi kwa maharagwe. Sijui kama umewahi kukaa karibu na mama yako akinyamaza hivyo. Nikaona afadhali nimwambie habari ya Daudi.

Mpaka mapema miaka ya 1990 walikuwapo wasomi waliosema kwamba huenda Daudi hakuwahi kuishi, kwamba ni hadithi tu kama za mashujaa wa ngano. Mwaka 1993, huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, mpima ardhi aitwaye Gila Cook aliona herufi kwenye jiwe jeusi lililokuwa limejengewa ndani ya ukuta wa kale. Jiwe ni la karne ya 9 KK, na maandishi ni ya Kiaramu. Aliyeyaandikisha ni mfalme wa Aramu, adui wa Israeli, wengi wanadhani Hazaeli wa Dameski, na anajisifu kwa kuua wafalme. Mmoja anamtaja kuwa wa nyumba ya Daudi. Goliathi hamo, wala Bathsheba. Kuna jina tu, karibu miaka 150 baada ya Daudi, limetoka kinywani mwa mtu aliyefurahi kuua uzao wake.

Mama akainua uso. "Kama ile kesi ya shamba."

Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. Mjomba alikuwa amesogeza mpaka wetu, na wazee wakaitwa. Shangazi zangu wote walitoa ushahidi kwamba shamba ni letu, na wazee wakawasikiza kwa adabu ya kumsikiza mtu anayejiombea mwenyewe. Kisha akaitwa jirani wa upande wa chini, mzee ambaye hakuwa amesalimiana na babu kwa miaka. Akasema mpaka ulikuwa pale tulipodai. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mti wa avokado tuliokuwa tunavuna ni wake. Wazee wakaamua yote mawili. Tukapata shamba, tukapoteza avokado.

"Angesema avokado ni letu pia," Mama akasema, "nani angemwamini kwa mpaka?"

Hiyo ndiyo kazi yote ya akiolojia ya Biblia, na sijaona profesa aliyeieleza vizuri kuliko hapo. Jiwe la Tel Dan lina nguvu kwa sababu lingeweza kusema lingine. Ukishaliambia jiwe liseme ndiyo tu, umeshaliondoa kwenye kiti cha shahidi, ukaliweka pamoja na shangazi zangu. Wanaoficha Yeriko ya Kenyon wanadhani wanamlinda Daudi. Wanamharibia kesi. Na wale wanaorusha Yeriko mtandaoni kama bomu, wakipita Tel Dan na Lakishi kimya kimya, nao wamehonga mashahidi, ni vile tu wako upande wa mjomba.

Nilimtumia mteja kijitabu chenye ndiyo saba na hapana tatu, na utangulizi unaoeleza kwa nini zile tatu ndizo zinazofanya saba ziaminike. Akajibu jioni hiyo hiyo: hapana zitoke, kwa sababu watu hawanunui wasiwasi. Nikamwambia siwezi. Akatafuta mwandishi mwingine, nami nikalipa kodi mwezi huo kwa kuandika maelezo ya magodoro, kumi na manane.

Kijitabu nilikichapisha nakala moja, nikampelekea Mama. Alikisoma na miwani yake na Biblia kando, polepole, wiki nzima. Jumapili akanipigia simu. Yeriko hakuigusa, wala sikumuuliza atawafundisha watoto nini. Alikuwa amefika kwenye ukuta wa Hezekia, ule alioufukua Nahman Avigad huko Yerusalemu kuanzia miaka ya 1970: unene wa mita 7, umejengwa kwa haraka kuwangojea Waashuru, na umepita juu ya nyumba za watu. Isaya, sura ya 22, anawalaumu kwa jambo hilo hilo, kuhesabu nyumba na kuzibomoa ili kuimarisha ukuta.

"Hizo nyumba zimeonekana kweli?" akaniuliza.

"Misingi yake iko pale, Mama. Ukuta umeikalia."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia watoto wakiingia, viti vikiburutwa.

"Na wenyewe," akasema, "walihamishiwa wapi?"