Siku Bibi Alipomwamkia Mjukuu "Shikamoo": Je, Manjano Yanarudisha Kumbukumbu?

Kuna dada mmoja anasuka nywele pale Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wanamjua kwa mikono myepesi na mdomo usiopumzika. Lakini kuna wiki alikaa saluni bila kumtania mtu yeyote, shosti zake wakajua hapo kuna jambo.

Jambo lenyewe lilianzia Iringa. Alikuwa amepanda basi kwenda kumsalimia bibi yake, mzaa mama, anayeishi Kihesa na mama mdogo. Tangu dada huyu akiwa mtoto, bibi humwita "mke mwenzangu". Si unajua utani wa bibi na mjukuu? "Kamwene, mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya mume tena?" Babu alishafariki miaka mingi, lakini utani haukuzikwa naye.

Safari hii alipoingia ndani, bibi aliinuka mkekani, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Karibu. Unamtafuta nani?"

Dada wa watu akabaki amesimama na mfuko wa ndizi za Tukuyu mkononi. Atajibu marahaba kwa bibi yake? Akapiga magoti, akaamkia na yeye. Ndani kukawa kimya.

Usiku mama mdogo akafunguka. Bibi alikuwa anatia chumvi kwenye mboga mara tatu. Alikwenda Soko Kuu, akarudishwa na bodaboda aliyemfahamu. Halafu kubwa kuliko yote: usiku mmoja, saa tisa, alitoka nje na kanga moja, akagonga mlango wa jirani huku akimwita dada yake aliyefariki zamani. Kulipokucha, mtaa mzima ukawa na sentensi moja: "Yule bibi anawanga."

Unaweza kuona ni umbea tu. Lakini kila Mtanzania anajua kwamba neno hilo limeshaondoa roho za wazee, hasa wanawake, katika nchi hii. Mama mdogo alikuwa anafunga mlango kwa kufuli na kulala na ufunguo chini ya mto.

Basi ndipo hofu ilipokutana na WhatsApp. Kwenye grupu la ukoo mtu akafowadi ujumbe: manjano, pilipili manga, mdalasini na asali "vinasafisha ubongo na kurudisha kumbukumbu ndani ya siku 90". Chini kuna namba ya simu. Dada akapiga. Mwenye namba alikuwa na sauti ya upole, na kopo moja la unga wake lilikuwa shilingi 60,000. Akatoa na sharti: bibi asitishe vidonge vya hospitali, kwa sababu "dawa za kizungu zinagombana na za asili".

Vidonge vyenyewe vilikuwa vya presha. Vikawekwa juu ya kabati.

Wiki ya tano bibi alianguka akienda chooni. Hospitali presha ikasoma 190 kwa 110. Dada alisafiri kutoka Mbeya usiku huohuo, na njia nzima, Chimala, Makambako, Mafinga, alikuwa anawaza kitu kimoja: kopo alilinunua yeye.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Alipooneshwa lile kopo hakucheka wala hakugomba. Alinusa, akasema, "Hii ni binzari ya pilau. Haina ubaya kwenye pilau." Kisha akauliza swali lililomchoma: "Vidonge vya presha aliacha lini?"

Sasa twende taratibu, maana ule ujumbe wa kwenye grupu haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli kidogo uliovutwa mpaka ukakatika.

Manjano yana kemikali inayoitwa kakumini, ndiyo inayoyapa ile rangi. Kwenye maabara imeonekana kupunguza uvimbe wa seli na kuzuia protini chafu zinazojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walitoa matokeo ya watu 40 waliofuatiliwa miezi 18. Waliopewa kakumini miligramu 90 mara mbili kwa siku walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Habari njema, sivyo? Ila wale watu 40 hawakuwa na demensia. Walikuwa na usahaulifu mdogomdogo wa umri. Na kakumini ile ilitengenezwa maalumu ili iingie mwilini, haikuchotwa kwa kijiko sokoni.

Kwa watu ambao tayari wana Alzheimer hadithi ni nyingine. Jaribio la Marekani lililotoka mwaka 2012 liliwafuatilia wagonjwa 36 kwa wiki 24. Waliopewa kakumini hawakuonesha nafuu.

Tatizo moja ni kwamba kakumini hainyonywi vizuri na mwili, nyingi inapita tu. Hapo ndipo pilipili manga inapoingia. Mwaka 1998 watafiti wa India walionesha kuwa kemikali ya pilipili manga, piperini, inaongeza kiasi cha kakumini kinachofika kwenye damu kwa mara nyingi. Kwa hiyo bibi zetu wanaochanganya vitu hivi kwenye mchuzi wana akili. Lakini kufika kwenye damu si kuponya ubongo. Tena piperini hiyohiyo inaweza kubadili namna mwili unavyoshughulikia dawa nyingine, na vidonge vya kakumini ya kiwango kikubwa vimeshahusishwa na madhara ya ini. Mgonjwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu ndiyo kabisa, amuulize daktari kwanza.

Zafarani nayo imejaribiwa. Iran, mwaka 2010, wagonjwa 54 wa Alzheimer walifuatiliwa wiki 22, na miligramu 30 za zafarani kwa siku zilikaribiana na dawa ya hospitali iitwayo donepezili. Inatia moyo, lakini ni watu 54. Na donepezili yenyewe haiponyi, inasaidia dalili tu kwa muda.

Daktari alimweleza dada mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye grupu. La kwanza, si kila kusahau ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi kama UTI, hata msongo wa mawazo, vinaweza kumfanya mzee achanganyikiwe, na vingine vinatibika. Ndiyo maana vipimo vinatangulia kopo. La pili, ubongo unalindwa na vitu visivyo na mbwembwe: presha na sukari kudhibitiwa, kutembea, kusikia na kuona vizuri, kuacha sigara, kuwa na watu. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi 14 vingeshughulikiwa mapema. Presha ni kimojawapo. Ile ya kuwekwa juu ya kabati.

Na wala huu si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2009 na 2010, uliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na ukakadiria kuwa wapatao 6 katika kila 100 wana demensia. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana ugonjwa gani.

Vipimo vya bibi vilirudi. Ilikuwa demensia, na mishipa midogo ya kichwani ilikuwa imeshaumia kwa presha ya miaka mingi. Wiki tano za kopo hazikuleta ugonjwa, ila hazikumsaidia. Daktari alilisema hilo wazi, na dada alilia palepale kwenye korido.

Alipomaliza kulia alifanya vitu viwili. Aliandika kwenye grupu la ukoo kila kilichotokea, pamoja na kosa lake, na kuwaomba wasifowadi tena ule ujumbe. Wawili walileft kwa hasira. Kisha yeye na mama mdogo wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa jirani aliyegongewa mlango, wakiwa na karatasi ya hospitali. Wakasema: mama yetu ni mgonjwa, akili inampotea usiku, akija kwako tupigie simu. Jirani alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema mama yake mwenyewe aliondoka hivyohivyo, na wao walidhani amelogwa. Siku hizi ndiye anayempigia mama mdogo simu.

Bibi hakupona. Vidonge anameza kila asubuhi, jioni anatembezwa mpaka barabarani na kurudi. Jina la mjukuu halijarudi. Siku nyingine dada ni "mama", siku nyingine ni yule dada marehemu, na yeye huitika jina lolote analopewa.

Mwezi uliopita alikwenda tena Kihesa. Baridi ya Iringa ilikuwa inauma, akapika chai ya maziwa, akatia iliki na mdalasini, akampelekea bibi kwenye kigoda. Bibi akaonja. Akakunja uso. Akainuka mwenyewe mpaka jikoni, akachukua kipande cha tangawizi, akakiponda kwenye kinu kidogo mapigo matatu, akakitupia kwenye sufuria.

"Hamkuweka tangawizi," akasema. "Watoto wa siku hizi mnasahau sana."