Kwa nini Liyongo alimwambia mwanawe?

Kila mtu na burudani yake. Kuna wapenzi wa kandanda, kuna wapenzi wa rumba, na huku kwetu Kakamega kuna wazee ambao hawalali usingizi mzito wakijua kuwa alfajiri fahali wawili watakutana uwanjani Khayega au Malinya, huku ngoma za isukuti zikirindima. Mimi burudani yangu ni mashujaa wa visa vya kale na nchi zisizokuwepo. Nimeulizwa mara nyingi, tena na watu wa heshima zao, iwapo mtu wa umri wangu amekosa kazi ya kufanya. Kazi ninayo. Lakini jioni ni yangu.

Hebu nikueleze ninachofanya hiyo jioni. Kwanza, nachora ramani. Kusadikika, ile nchi inayoelea angani aliyoibuni Shaaban Robert mwaka wa 1951, nimeichora mara tatu nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati, na kila mara inatoka tofauti. Nimechora pia njia aliyopita Frodo akiipeleka ile pete kuangamizwa katika mlima wa moto, kwenye riwaya ndefu ya J. R. R. Tolkien iliyochapishwa kati ya 1954 na 1955. Tolkien mwenyewe, usishangae, alizaliwa Afrika Kusini, mjini Bloemfontein, mwaka wa 1892, ingawa alipelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Yeye naye alikuwa mpenzi mkubwa wa ramani, kwa hivyo sioni haya.

Pili, nacheza. Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauna mpira wala ubao wa lazima. Mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja huchukua mhusika, halafu dadu huamua kama panga limempata adui au limekata hewa. Mimi sina vitabu vyake vya bei ghali. Nina dadu mbili za ludo, daftari, na watoto watatu wa kaka yangu ambao huja kwangu mtaani Amalemba wakati wa likizo. Stima ikipotea, tunawasha taa ya sola na kuanza.

Ramani yetu ni ya hapa hapa. Kuna msitu wa Kakamega na mbega wake weupe kwa weusi, kuna mto Isiukhu, na kuna lile Jiwe la Ilesi kando ya barabara ya Kisumu, linalotiririkwa na maji kama mtu anayelia. Ukielekea Bungoma unafika Mwiala, kwenye pango ambamo Mango, shujaa wa Wabukusu, alilivizia joka lililokuwa likiangamiza watu na akalikata kichwa. Wabukusu husema tohara yao ilianza upya kwa ushujaa huo, na kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili utawasikia vijana wakisindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye. Kwa nini basi mtoto wa Kakamega afikiri kwamba majoka yanapatikana Ulaya peke yake?

Mchezo wetu una sheria moja niliyoiweka mwenyewe. Kila shujaa sharti awe na mahali pamoja pa kumwulia, na siri hiyo aijue mchezaji mwingine mmoja tu.

Sheria hiyo sikuitoa hewani. Angalia mashujaa wote wakubwa. Akili wa Wagiriki ana kisigino chake. Siegfried wa Wajerumani alioga damu ya joka ngozi ikawa ngumu, isipokuwa mgongoni pale jani lilipoganda. Luanda Magere wa Wajaluo wa Kano, mikuki ilimdunda kama anayepiga mwamba, lakini uhai wake ulikuwa katika kivuli. Na Fumo Liyongo wetu wa pwani alikuwa na kitovu, tena ni kwa sindano ya shaba tu.

Sasa tazama ni nani anayeitoa siri. Siegfried alitobolewa siri na mkewe, aliyedhani anamlinda. Luanda aliugua, akamwambia bibi aliyeletewa kutoka kwa mahasimu wake Wanandi achanje dawa kwenye kivuli, na bibi huyo akakimbilia kwao na habari. Samsoni na Delila unawajua. Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa. Jeshi la adui halikumweza hata mmoja wa hawa. Ajali ilitoka ndani ya nyumba, na nadhani ndiyo sababu visa hivi vinanigusa kuliko habari zozote za vita.

Kisa cha Liyongo ndicho kilichotugawanya. Wanafunzi wanaosoma makala hii wanakijua kama mfano wa mighani katika fasihi simulizi: mfalme wa Pate anamfunga, mama yake anamtumia kwa mkono wa kijakazi Saada mkate wa makapi wenye tupa ndani, ngoma inapigwa, naye anakata minyororo chini ya kelele na kutoroka. Jawabu hilo lina alama zake katika mtihani. Swali ambalo sijaliona katika mtihani wowote ni hili: kijana anapotumwa kumwuliza baba yake anaweza kuuawa na nini, masimulizi mengine yanasema Liyongo alitambua kuwa mwanawe amedanganywa. Akamwambia hata hivyo. Kwa nini?

Mpwa wangu wa kiume, mwenye miaka 15, alisema Liyongo alikuwa mjinga na angetaja mahali pa uongo. Dada yake wa miaka 12, ambaye ndiye aliyecheza nafasi ya mwana, alikataa. Alisema baba alitaka kuona kama kweli atafanya. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba Liyongo alichoka. Alikuwa ameishi porini akijificha kwa mfalme. Kuanza kumficha kitovu hata mwanawe kungekuwa kifungo kingine, na hapo hapana mkate wa kumletea tupa.

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Shinyalu, alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Nilidhani hasikilizi.

"Mnamsema mtoto tu," alisema. "Aliyemwahidi binti wa kuoa ili amwue baba yake ni nani? Si mtu mzima? Mbona huyo hamumwulizi?"

"Lakini Kukhu, huyo ni mfalme," akajibu kijana.

"Basi mfalme naye apewe mtu wa kumcheza. Aje hapa ajibu."

Tukanyamaza. Miaka yote nimekisoma kisa hiki, nami sikuwahi kumpa mfalme wa Pate dakika mbili za kujieleza. Nafasi hiyo ilimwendea Mama mwenyewe, na ninakuambia alimtetea mfalme vibaya sana kwa makusudi, hata mahindi yakamwagika kwa kicheko.

Baadaye akaamua kutusimulia chake, cha linani, zimwi la kwetu, na msichana aliyeimba ili mlango ufunguliwe. Alianza kwa Kiswahili kwa sababu ya watoto, maana wamelelewa mjini na Lwisukha yao ni ya salamu. Kisa kilikwenda vizuri hadi wimbo. Hapo akasimama, akajaribu kuutafsiri, akatikisa kichwa. Kwa Kiswahili ulikuwa maneno ya kufungua mlango tu. Zimwi halikuwemo ndani yake.

Akauimba kama alivyousikia kwa mama yake. Yule wa miaka 12 alifungua daftari la mchezo, ukurasa unaofuata ramani ya Ilesi, akaanza kuandika anavyosikia. "Rudia, Kukhu." Mama akarudia. "Pole pole." Akarudia tena. Kitinda mimba, ambaye hajui kuandika, aliimba kwa sauti kubwa na akakosea neno moja. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso, lakini alikataa katakata kutuambia neno hilo kwa Lwisukha lina maana gani.