Rangi ya Gari, Nusura Tuachane

Jamani, nani alisema kununua gari jipya ni raha? Mimi nafundisha Kilosa, mume wangu anafanya kazi Mikumi. Gari la umeme tulilotaka kuagiza ni la kutukutanisha wikiendi, lakini likatununisha wiki mbili! Yeye aling'ang'ania bluu iliyokolea na rimu za inchi 20. "Mke wangu, lazima tutoke bomba!" Mimi nikataka nyeupe, inchi 17.

Siku moja porini Mikumi tukaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa. Mitego ya mbung'o! Rangi hizo ndizo zinazowavuta. Akacheka mwenyewe: "Yaani niwanunulie mbung'o gari?" Rangi ikaisha hapo.

Zikabaki rimu. Nikamwambia rimu kubwa hula chaji zaidi, na mpira wake ni mwembamba. Ukiingia shimoni, rimu inapinda. "Chaji ikiisha usiku, nani atabaki njiani peke yake?" Akanyamaza. Hilo hakuwa amelifikiria. Tukaandika nyeupe, inchi 17. Viti nikamwachia achague yeye.

Wapenzi, kabla ya kugombania rangi, ulizaneni kwanza: nani ataliendesha, na kwenye njia gani?