Nilimuuzia Staa Chombo cha "Malkia Victoria", Kumbe Kopi!

Wadau, leo sina ubuyu wa mtu mwingine. Ubuyu ni wangu mwenyewe, na jina la mwenzangu sitalitaja hata mkinibembeleza.

Naishi Birmingham, Uingereza. Mbali na kazi yangu ya kawaida, Jumapili huwa nadamkia yale masoko ya watu kuuza vitu vyao kwenye buti la gari. Nanunua vyombo vya kioo, nasafisha, nauza. Wazungu wanavipenda sana vile vya enzi za Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, na vikiwa orijino vina hela.

Mwaka juzi nikapata chombo kidogo cha maua. Juu cha waridi, chini kinageuka njano kama embe linaloanza kuiva. Muuzaji akaniambia ni Burmese. Nikasoma nikakuta kweli aina hiyo ipo: Mount Washington ya Marekani waliisajili mwaka 1885, na mwaka uliofuata Thomas Webb wa Stourbridge, hapa hapa jirani, wakapewa leseni ya kuitengeneza. Ndani yake kuna dhahabu na urani. Dhahabu ndiyo inayoleta ule uwaridi kioo kikirudishwa motoni, na urani inaleta njano. Nikakimulika kwa tochi ya UV gizani, kikawaka kijani kama macho ya paka. Basi bwana, nikajiona profesa! Nilikinunua kwa pauni 140.

Wiki hiyo hiyo dada mmoja, mnamjua wote, wa Bongo, alikuwa kaja kufanya shopping. Akaja kwangu kula pilau, akakiona. "Mdogo wangu, hiki nakitaka." Nikamwambia ni cha Malkia Victoria, zaidi ya miaka 100. Akatoa pauni 450 bila kupepesa macho. Kesho yake kikawa mtandaoni, sebule yake nzima inakizunguka.

Nikarudi kwa muuzaji yule yule, nikachukua mwenzake. Nikakipeleka kwenye maonyesho ya antiki, kwa mzee mmoja wa Kiingereza mwenye meza ya vioo. Nikawasha tochi yangu kwa mbwembwe. Mzee hata hakuiangalia. Akakigeuza chini juu, akatoa lenzi. "Binti, kila mtu anaangalia uso. Wewe anza na kitako."

Akanionyesha. Zamani fundi alishika kioo kwa fimbo ya chuma chini ya kitako. Ikivunjwa inaacha kovu, na kwenye kazi nzuri kama ya Webb kovu lile lilisagwa likalainishwa, ukipitisha kidole unasikia kishimo laini. Langu halikuwa na kovu kabisa. Pili, mikwaruzo. Chombo kilichosogezwa mezani miaka 100 kinakuwa na mikwaruzo midogo ya kila upande, pale tu kinapogusa meza. Changu mikwaruzo ilikuwa imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, maana yake msasa. Na katikati ya msasa, kwenye lenzi, ukaonekana umbo la yai na mkia wa herufi.

"Fenton," akasema.

Fenton kilikuwa kiwanda cha Marekani kilichoanza 1905, Malkia ameshafariki. Burmese wakaanza kuitengeneza mwaka 1970, kwa urani na dhahabu vile vile, ndiyo maana tochi iliniambia ukweli nusu. Inakuambia kuna urani, umri haikuambii. Na wao hawakumdanganya mtu, waliweka alama yao. Aliyeifuta ni mwingine huko njiani.

Nikarudi nyumbani nikafungua picha nilizopiga kile cha kwanza kabla sijakiuza. Kitakoni, msasa ule ule. Jamani, tumbo lilinikata. Picha ilikuwa kwenye simu yangu muda wote, sikuwahi kuikuza.

Nilikaa nalo miezi miwili. Kila akiposti, nageuza simu. Nikajidanganya: mbona ana hela, mbona kimempendeza? Waswahili wanasema kizuri chajiuza, na kile kilijiuza kweli. Umri ndio niliouongeza mimi. Mwisho nikampigia, nikamwambia yote, nikasema narudisha pauni 450 na yeye anirudishie chombo.

Kimya. Nikajua natukanwa.

"Mdogo wangu, hela nirudishie," akasema taratibu. "Chombo kinabaki. Na wewe nyamaza. Wageni wote nimeshawaambia ni cha Malkia."

Nikatuma hela. Chombo bado kipo sebuleni kwake, na mwezi uliopita nilimsikia kwenye video akimwambia mgeni kina miaka 130. Sasa ule uongo ni wake, ila aliyeuzaa ni mimi, na hakuna pauni za kuurudisha.

Kile cha pili nilikipeleka soko la Jumapili na kikaratasi: "Fenton, si cha Victoria, alama imesagwa. Pauni 40." Saa nne asubuhi kilishaondoka. Mama aliyenunua alikisoma kikaratasi, akacheka, akasema rangi imempendeza.

Kwa hiyo wadau, mkiuziwa antiki, geuzeni kwanza. Tafuteni kovu, angalieni mikwaruzo imelalaje, ndipo muwashe tochi. Na wewe dada, ukisoma hapa, unajua nakupenda. Jina sijataja.