Sakafu ya karakana na kikohozi cha mtoto

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, banda la gari halilazi gari. Wengine wanafugia kuku, wengine wanaweka magunia ya mkaa, na wenye ufundi mkononi wameligeuza karakana. Familia moja ya Tabata inaishi na karakana ya namna hiyo. Baba ni fundi wa samani. Banda lake lina mita tatu na nusu kwa sita, msumeno wa umeme, randa, meza ya kazi, na mlango unaofunguka moja kwa moja jikoni. Mlango huo ndio ulioleta maneno.

Mama alianza kuona nyayo. Asubuhi anadeki, mchana nyayo za kijivu zimetoka karakana zimefika kwenye kochi, na nyingine ni ndogo kabisa, za mtoto wa miaka mitatu ambaye hataki kukaa mbali na baba yake. Mtoto huyo alikuwa na kikohozi cha usiku, kinapotea wiki mbili kinarudi. Kliniki, daktari aliuliza maswali mengi, lakini moja lilimkaa mama moyoni: nyumbani kuna vumbi?

Baba alisema ni vumbi la mbao, na kazi ya mbao haikosi vumbi. Lakini vumbi la mbao lina rangi ya mbao. Hili lilikuwa la kijivu, laini kama poda. Jumapili moja, siku ambayo hakuna msumeno uliowashwa, mama alifagia karakana, akasubiri saa moja, akafagia tena. Kizoleo kikapata mzigo uleule. Sakafu yenyewe ilikuwa inaisha.

Ni tatizo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Zege likichanganywa na maji mengi ili limwagike kirahisi, au likikosa kumwagiliwa siku za mwanzo, ngozi yake ya juu hubaki dhaifu. Kisha fundi anapaka niru ili sakafu ing'ae siku ya kukabidhi nyumba. Niru inapendeza sebuleni, lakini mahali panapoburuzwa mashine na mbao, inasagika kidogo kidogo na kuwa vumbi. Ufagio mkavu unalirusha tu hadi usawa wa pua ya mtoto.

Wakakubaliana ipakwe rangi. Hapo ukaanza mvutano wa muda. Baba alikuwa na oda ya vitanda vya bweni, malipo ya awali yameshakwenda kwenye ada ya mtoto mkubwa, na kijana mmoja mpaka rangi wa mtaani aliahidi kumaliza yote Jumamosi moja: afagie, amwage, asambaze kwa rola, Jumatatu mashine zirudi. Bei yake ilikuwa nafuu. Mama hakuwa na ujuzi wa rangi, ila alijua kwamba kitu kinachobanduka hakiwezi kushika kingine juu yake. Akamwita mjomba wake, mzee aliyestaafu kazi ya kupaka sakafu za viwandani.

Mzee aliitikia shikamoo, akaomba kikombe cha maji, akadondosha matone huku na huku. Mahali pengine yalinywewa papo hapo. Chini ya msumeno yalikaa juu kama kwenye jani la mgomba, maana yake pana grisi. Kisha akakata vipande vitatu vya nailoni, kila kimoja nusu mita kwa nusu mita, akavigandisha sakafuni kwa utepe pande zote, akasema vikae mpaka kesho.

Kesho yake viwili vilikuwa vikavu. Cha tatu, kwenye kona ya ukuta wa bafu, kilikuwa na jasho ndani na sakafu imekuwa nyeusi.

"Hapa usipake," mzee alimwambia baba. "Maji yanatoka chini. Epoksi haipitishi maji, kwa hiyo yataisukuma mpaka ifure kama ngozi iliyoungua."

"Mjomba, mimi nina oda ya watu."

"Najua. Oda itaisha, sakafu utabaki nayo."

Kazi ya maandalizi ikachukua siku nyingi kuliko kazi ya rangi yenyewe, na kusema kweli hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapowapoteza wenye nyumba. Grisi ilisuguliwa kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, mpaka matone yakanywewa kama kwingine. Baba alitaka kuikwangua niru kwa grenda kavukavu. Mzee akakataa kabisa: vumbi la zege lina chembe za mchanga ndogo zisizoonekana, zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na mlango wa jikoni ulikuwa hatua mbili. Wakatumia asidi iliyopunguzwa makali, kipimo kimoja kwa kumi vya maji, asidi ikitiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Baba alivaa glavu, miwani na buti za mvua, milango ya nje wazi. Ilipotoa povu, mzee alifurahi. Isipotoa povu ujue bado pana mafuta. Baada ya kusuuzwa mara kadhaa, sakafu iliyokuwa ikiteleza kama sahani ikawa na ukwaruzo wa msasa laini. Ikaachwa ikauke tena, na nailoni zikarudishwa kupima upya.

Katika siku hizo za kusubiri ndipo kilipotokea jambo ambalo mama hulisimulia kwa sauti ya chini. Yule kijana mpaka rangi, aliyebakizwa kama msaidizi, alikuwa ameleta tina ya kuoshea brashi katika chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, lebo yake bado inasomeka. Akaiacha kwenye ngazi ya jikoni. Mama alitoka na beseni la vyombo akamkuta mwanawe ameikumbatia, anahangaika na kizibo. Kizibo kilikuwa kimekazwa. Hakuna kingine kilichomwokoa yule mtoto.

Mzee aliposikia hakupiga kelele. Alimpa kijana kopo la chuma lenye mfuniko, akamwambia chupa ile akaitoboe. Halafu akawaeleza wazazi wote wawili jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: mtoto akinywa tina au mafuta ya taa asitapishwe wala asipewe maziwa, akimbizwe hospitali na chombo alichonywea kichukuliwe. Akitapishwa, mafuta huingia mapafuni, na hayo ndiyo yanayoua.

Jioni ile mtoto alipelekwa kwa bibi yake Kimara, na uamuzi ukawa wa mama: harudi mpaka sakafu ikomae. Mtungi wa gesi ulifungwa na jiko likahamia kibaraza cha mbele, kwa kuwa mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi kwenye moto. Wiki nzima walipika kwa mkaa, wakinung'unika.

Mama aliikataa pia rangi ya kupimiwa kwenye kopo lisilo na lebo. Kwenye kopo la namna hiyo mzazi hawezi kujua kama kuna madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kupaka kwenyewe kulianza alasiri, jua likishuka. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo kwenye vitundu vyake hupanuka na kuacha malengelenge kwenye rangi. Epoksi na hadina yake vilichanganywa kidogo kidogo, kiasi cha kusambazwa kwa dakika ishirini, maana vikikaa ndoo nzima vinapata joto vyenyewe na kuganda kabla ya kufika sakafuni. Lita sita ziliishia kwenye mikono miwili, na mkono wa pili ulinyunyiziwa mchanga mkavu uliochekechwa ili mtu asiteleze. Kesho yake baba aliweza kutembea juu yake. Mashine zilisubiri siku saba.

Vitanda vilichelewa siku tisa. Mwenye oda alilalamika, akakatwa bei kidogo, akanyamaza. Mtoto amerudi na usiku hakohoi kama zamani, ingawa mama hasemi kwamba ni sakafu tu: baba naye siku hizi anafagia baada ya kunyunyiza maji na mlango wa jikoni una kitasa cha juu.

Kona ya bafu bado haijapakwa. Fundi bomba alichimba akakuta bomba la maji machafu limepasuka kwenye kiungo, akaliziba, na nailoni imegandishwa pale pale, wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi baba anainama kuitazama kabla ya kuwasha msumeno. Jasho limepungua, halijaisha.