Likizo ya Juni, Korogwe

Alhamisi, 13 Juni 2024

Asilimia arobaini ya mkupuo wa pensheni. Kutoka 33. Nimemsikia Waziri wa Fedha, Mwigulu, mwenyewe, redio ya baba ipo mezani, mama anawanyamazisha wajukuu. Kundi letu la walimu kwenye WhatsApp halilali leo. Wengine wanashukuru, wengine wanauliza nusu ya wazee wetu ilikwenda wapi. Sijui niwe upande gani. 2018 ilikuwa 25, Magufuli akasimamisha kabla mwaka haujaisha. 2022 ikaja 33. Leo 40. Mpaka nistaafu mimi itakuwa ngapi?

Baba kazima redio. "Sisi tulichukua nusu, tukatulia." Kaenda kumwangalia ng'ombe.

Ijumaa, 14 Juni

Usingizi umekataa. Chumba hiki ninacholala ni kiinua mgongo cha baba cha 2009. Bati, nondo za dirisha, sakafu, hata ng'ombe wa kwanza aliyemzaa huyu wa sasa. Mwalimu wa Gredi A, watoto watano, mama hajawahi kuajiriwa. Mimi nina digrii na watoto wawili. Nimepanga. Kiwanja sina.

Asubuhi kaanza tena: "Kaza buti, mwanangu. Sisi enzi za UPE tulifundisha watoto mia darasa moja na tukatoka." Nimeitikia, ndiyo baba. Roho imeniuma siku nzima. Kwani mimi nafundisha wangapi? Tangu ada iondolewe 2016, kidato cha kwanza wanabanana kwenye madawati mpaka mlangoni. Chaki ni ile ile. Koo ni lile lile.

Jumapili, 16 Juni

Mama kafungua sanduku kutafuta kitenge cha Idd, kakuta kipande cha babu, kadi yake ya siku za kazi!

Karatasi imelainika kama kitambaa. Miraba thelathini. Mingine ina alama, mingine mitupu, na ile mitupu ndiyo niliyoitazama sana. Homa, mraba mtupu. Msiba, mraba mtupu. Kisipojaa hulipwi. Babu wa watu, katoka Kasulu kuja kukata mkonge, manamba, kaishia kwenye chumba cha kambi. Mikono yake naikumbuka, ngozi ngumu, makovu ya miiba.

Baba kakipokea kwa ncha za vidole. "Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri. Kwa kazi alinizidi, mbali sana."

Basi nikasema. Nimelimeza siku nyingi, leo limetoka: kama nyumba inajengwa kwa bidii peke yake, baba, babu angekuwa na ghorofa. Wewe ulimkuta Nyerere, ukasoma bure, ukaajiriwa siku unamaliza chuo, ukapewa nusu yako mkononi. Babu hakupewa hata kimoja. Na mimi mtaani nilikaa miaka na cheti changu.

Mama kaniangalia kwa jicho kali. Baba hakujibu.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Pilau, watoto, wageni. Maneno ya kazi hakuna. Alhamdulillahi.

Jumanne, 25 Juni

Mshahara umeingia. Baba, kwa hiari yake, kaomba kuona salari slipu. Kavaa miwani, kashika simu yangu, anashuka mstari kwa mstari na kidole. Kodi, sawa. Bima, sawa. PSSSF, sawa. Kidole kikasimama.

"Hii ya bodi ni ya nini?"

Ya mkopo wa kusoma, baba.

"Kusoma unalipia mpaka leo?"

Yeye chuo cha ualimu alipewa kitanda, chakula na nauli. Nikamweleza: wenzangu wote waliokopa baada ya 2005 wanakatwa. Ilikuwa asilimia 8 ya mshahara, 2016 ikapandishwa mpaka 15. Kanyamaza, midomo inacheza, anapiga hesabu kichwani kama alivyokuwa akifanya ubaoni.

"Miraba minne na nusu."

Sikumwelewa mara moja. Ya kipande, alikuwa anamaanisha. Kila mwezi minne na nusu si yangu.

Halafu kasema, mama anasikia: "Huyu si mvivu. Hata mdogo wake wa bodaboda si mvivu. Mimi nilikuta mlango wazi." Nimelia, lakini nje, kule bandani.

Usiku nimekaa na kalamu. Kwa makato haya, deni la bodi litaisha mwanangu akiwa kidato cha pili. Kiwanja baada ya hapo.